Kutoka Hazard hadi Mound Bayou: safari ya kuwaona wagonjwa walio mbali na daktari

Jumapili, Lexington hadi Hazard

Tumeondoka Lexington, Kentucky, baada ya ibada, dada kwenye usukani, mimi na ramani ya karatasi mapajani, maana tulishaambiwa kwamba ukiingia milimani simu inakata. Ni Septemba 2025. Namwita dada kwa heshima. Amenitangulia kwa umri na kazini pia. Sote wawili tunahudumia wazee majumbani, kazi ambayo Waswahili wengi walioko Marekani wanaijua kwa mikono yao: kuogesha, kugeuza, kulisha, kupanga vidonge vya wiki. Wazee wetu ni wa mjini. Mmoja akibanwa na kifua, gari la wagonjwa linafika hata hujamaliza kumvalisha viatu. Tumetaka kujua inakuwaje kwa mzee wa aina hiyohiyo, mwenye kipato kidogo vilevile, anayeishi mwisho wa barabara ya changarawe.

Ukisoma sheria, watu hawa wamelindwa kuliko sisi. Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alikwenda Independence, Missouri, akatia saini sheria iliyozaa Medicare na Medicaid mbele ya Harry Truman, rais mstaafu aliyekuwa ameipigania bima ya afya bila kuipata. Medicare ni bima ya serikali kuu kwa aliyefika miaka 65, na kwa sheria ya 1972 ikaongezwa kwa watu wenye ulemavu. Medicaid ni ya wenye kipato kidogo, nayo inaendeshwa na kila jimbo kwa taratibu zake. Mzee maskini au mlemavu maskini anaweza kuwa na zote mbili. Wako takriban milioni 12 wa namna hiyo nchi nzima. Kadi mbili kwenye pochi moja.

Kuna jambo jingine lililotusukuma. Sheria iliyotiwa saini Julai mwaka huu imekata fedha za Medicaid kwa mamia ya mabilioni ya dola katika miaka 10 ijayo, na papo hapo imetenga dola bilioni 50 za afya ya vijijini, bilioni 10 kila mwaka kuanzia 2026 hadi 2030. Kila jimbo linaandika maombi yake. Dada akasema njiani, "Mdogo wangu, tuwaulize watu wenyewe. Fungu likifika hapa kwao, waanze na nini." Nikaandika swali hilo kwenye jalada la daftari.

Hazard tumefika jioni. Milima imeubana mji hadi nyumba nyingine zimepanda mteremko kwa ngazi tupu. Nimeziangalia zile ngazi kwa jicho la mtu anayesukuma viti vya magurudumu kila siku, na sikuona pa kupitia.

Jumatatu, Hazard na vibonde vyake

Leo tumefuatana na mhudumu wa afya ya jamii, mama wa makamo aliyezaliwa kwenye kaunti hii. Kazi yake si uuguzi. Hachomi sindano wala haandiki dawa. Anaingia nyumbani kwa mtu, anakaa, anasoma barua zilizorundikana, anapiga simu, anaangalia sakafu kama inateleza. Mpango wa wahudumu wa aina hii, Kentucky Homeplace, ulianzia hapahapa Hazard mwaka 1994, chini ya kituo cha afya ya vijijini cha Chuo Kikuu cha Kentucky. Wanachaguliwa watu wa mahali hapo, kwa sababu mlango wa kibondeni haumfungukii mgeni kirahisi. Nimeliona hilo. Mbwa watatu walitoka kwa kasi, yeye akawaita kwa majina.

Nyumba ya kwanza iko ng'ambo ya kijito. Daraja lake ni jipya. La zamani lilikwenda na mafuriko ya Julai 2022, yaliyoua watu zaidi ya 40 mashariki mwa Kentucky. Babu alichimba makaa ya mawe tangu ujana wake. Ana ule ugonjwa wa vumbi la makaa unaoitwa pafu jeusi, ambao watafiti wamegundua kwamba katika milima hii umerudi kwa ukali katika miaka ya karibuni, hata kwa wachimbaji wasio wazee. Mashine ya oksijeni inanguruma sebuleni, na mpira wake mwembamba unatambaa sakafuni hadi jikoni, hadi chooni, hadi kibarazani. Mahali mpira unapoishia ndipo dunia ya babu inapoishia. Umeme ukikatika ana mitungi miwili ya akiba, na bibi ameandika kwa chaki ukutani kila mtungi unadumu saa ngapi.

Bibi ana kisukari na kidonda mguuni. Mhudumu alipiga magoti, akaomba ruhusa, akavua soksi. Nikakiona kidonda: kidogo, kingo nyeupe, chini ya dole gumba, mahali ambapo mtu asiyeona vizuri na asiyehisi mguu wake hawezi kukigundua peke yake. "Hiki kina siku ngapi, mama?" Bibi hakujua kama kipo.

Daktari bingwa wa mapafu wa babu yuko Lexington, mwendo wa saa mbili na zaidi kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Medicaid inalazimika kumfikisha mtu hospitali hata kama si dharura. Ni haki yake kabisa. Lakini safari inaombwa siku kadhaa kabla, na ukiwa na gari linalotembea uani kwako haki hiyo inaanza kuulizwa maswali. Uani kwa babu kuna gari. Anayeweza kuliendesha ni binti yao, na siku anayompeleka babu ndiyo siku ambayo mama hana mtu. Binti aliacha kazi ili awatunze wazazi. Yeye ana miaka hamsini na kitu, hana Medicare, anaishi kwa Medicaid ile iliyopanuliwa ipokee watu wazima zaidi wa kipato kidogo, ambayo Kentucky iliikubali tangu Januari 2014. Kwa sheria mpya, kuanzia 2027 watu wa kundi lake watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi kila mwezi. Mwenye kumtunza mlemavu amesamehewa, ila lazima autume uthibitisho. Mhudumu anaogopa neno hilo, uthibitisho, kuliko kitu kingine chochote kwenye sheria ile. Barua zinafika kwenye sanduku la posta lililo chini kabisa barabarani, zinakaa humo, siku ya mwisho inapita.

Nami nimeliona rundo lenyewe mezani. Katikati yake kulikuwa na taarifa ya pensheni, na mhudumu akanyooshea kidole mstari mmoja: dola 185 zinakatwa kila mwezi kwa ajili ya Medicare. Kwa bibi pia 185. Jumla 370, kutoka kwenye pensheni ndogo, wakati Medicaid ina utaratibu wa kuwalipia makato hayo watu wa kipato chao. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Akapiga simu mbele yao, akaweka spika, tukasubirishwa na muziki hadi chai ikapoa, bibi akiwa ameshika kadi yake tayari kusoma namba. Fomu ikaanza kujazwa. Nimefanya kazi hii ya wazee miaka mingi na nakiri sijaona dawa yoyote itakayowapa watu hawa wawili dola 370 kwa mwezi.

Nikamuuliza mhudumu swali la kwenye jalada. Hakufikiri sana. "Watu. Wenye mshahara wa kudumu. Mimi nimeona miradi mingi inakuja hapa, inatufunza, inatupa fulana, baada ya miaka miwili fedha inaisha, na bibi yule anabaki na namba ya simu isiyopokelewa."

Jioni nimesoma habari za hospitali za eneo hili, nikajikuta nasoma hadi usiku. Mwaka 1956 chama cha wachimbaji wa makaa, UMWA, kilifungua hospitali kumi katika milima hii, ikiwamo ya Hazard, kwa fedha za mfuko wa ustawi uliopatikana kwa mkataba wa 1946. Kabla ya hapo mfuko huo uliwatafuta vibondeni wachimbaji waliovunjika migongo, wengine walikuwa wamelala kitandani miaka mingi bila kuonwa na mtu, ukawapeleka hadi California na New York kufundishwa upya kukaa, kujigeuza, kutumia kiti. Waliwafuata walikolala. Hilo ndilo nililoliandika kwa herufi kubwa.

Jumanne, Hyden na Wendover

Hyden ni karibu, kaunti ya Leslie. Hapa Mary Breckinridge alianzisha mwaka 1925 huduma ya wauguzi wakunga waliopanda farasi. Alikuwa amefiwa na watoto wake wote wawili. Akasomea ukunga Uingereza, akaenda kuona jinsi wauguzi walivyotawanywa katika milima ya Uskoti, akarudi na mpango. Nyumba yake ya magogo ya Wendover bado imesimama juu ya mto. Aliyepanga mpango ule alianza na urefu wa njia: akajenga vituo vidogo vya wauguzi vikiwa vimeachana kiasi kwamba farasi aweze kwenda na kurudi, kisha hospitali ya Hyden ikafunguliwa 1928 kwa yale yaliyoshindikana vituoni. Asiye na fedha alilipa kwa mazao au kwa kazi. Sifa zake zinajulikana kwa ajili ya mama na mtoto, lakini muuguzi aliyeshuka farasi alimwangalia na nyanya aliyekuwa kwenye kona.

Hospitali ya sasa ya mji huu ina vitanda 25. Idadi hiyo haikutokea bure. Sheria ya 1997 ilianzisha aina ya hospitali ndogo za vijijini, na masharti yake leo ni haya: zisizidi vitanda 25, ziwe umbali wa maili 35 kutoka hospitali nyingine, au 15 kwenye milima, zifungue chumba cha dharura saa 24, na mgonjwa asilazwe kwa wastani wa zaidi ya saa 96. Medicare huzilipa kwa gharama halisi na kuongeza asilimia moja, ili zisife kwa kukosa wagonjwa wengi. Ni mpango wa busara. Bila huo, mji kama huu usingekuwa na taa ya dharura usiku.

Lakini mlango kuwa wazi ni jambo moja. Tumekula mchana na mwanamke wa miaka arobaini hivi, rafiki wa yule mhudumu, anayetumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya gari. Akatusimulia kuhusu kliniki moja anayokwenda, nami siitaji. Kitanda cha uchunguzi ni kirefu, hakishuki. Muuguzi yuko peke yake, hawezi kumnyanyua. Kwa hiyo daktari humpima akiwa kwenye kiti, juu ya nguo, na kile ambacho hakionekani akiwa amekaa hakipimwi. Uzito? Mizani yao ni ya kusimamia. Kila anapokwenda wanamuuliza yeye ana kilo ngapi, yeye anakisia, wao wanaandika, na dozi inapangwa kwa kisio hilo. Vipimo vya saratani ya kizazi hajafanyiwa tangu ajali.

Dada aliacha kula. Sisi tunajua uzito wa mgonjwa wa mgongo ni kitu gani: vidonda vya kukaliwa, figo, damu kuganda miguuni.

Sheria ya haki za watu wenye ulemavu ni ya 1990. Kipimo cha kitanda chenyewe, yaani kiweze kushuka hadi inchi 17 hadi 19 kutoka sakafuni, kimewekwa kwenye kanuni za serikali kuu mwaka 2024 tu, na vituo vinavyopokea fedha za serikali vinatakiwa kuwa na angalau kitanda kimoja na mizani moja ya namna hiyo ifikapo kiangazi cha 2026. Nilipomuuliza swali letu alicheka kwa furaha kabisa, kama mtu aliyelisubiri. "Mizani. Niingie nayo na kiti changu. Nataka kujua nina kilo ngapi."

Jumatano, barabarani

London ya hukuhuku Kentucky, kisha barabara kuu kusini hadi Knoxville, kisha magharibi kupitia Nashville. Ni siku ya kukaa.

Karibu na Knoxville ndiyo makao ya Remote Area Medical, shirika aliloanzisha Stan Brock mwaka 1985 akikusudia kupeleka madaktari kwenye nchi zisizofikika, na ambalo likaishia kufungua kliniki za mwisho wa wiki katika kumbi za mazoezi za shule za Marekani yenyewe. Watu hulala kwenye magari tangu usiku wapate namba. Wengi wanatafuta meno na miwani. Anayeishangaa nchi tajiri kupanga foleni ya kung'olewa jino na akumbuke kwamba Medicare haigharamii meno ya kawaida, wala miwani ya kawaida, wala vifaa vya kusikilizia. Mzee asiyetafuna hali vizuri. Asiyesikia hamwelewi daktari kwenye simu. Tumeona vinywa vya namna hiyo kila wiki kazini.

Tumelala Jackson, Tennessee.

Alhamisi, Brownsville

Brownsville, kaunti ya Haywood. Hospitali ya mji huu ilifungwa 2014, ikafunguliwa tena 2022 chini ya mwenye mali mwingine. Katikati ilikuwa miaka minane. Mzee mmoja tuliyezungumza naye nje ya duka la dawa alikuwa na njia rahisi ya kuieleza miaka hiyo: alitutajia waliokufa njiani kwenda Jackson, mmoja mmoja, kwa ukoo na mtaa. Siwezi kujua kama hospitali ingewaokoa. Ila mji unawahesabu hivyo.

Mtu niliyetaka hasa kumwandika leo ni mwanamume wa miaka 57, aliyeumia mgongo kwenye kazi ya ghala. Serikali imekubali kwamba hawezi tena kufanya kazi, inamlipa pensheni ya ulemavu. Kwa akili ya kawaida ungesema amekwishaingia Medicare. Hapana. Anasubiri miezi 24 tangu malipo yalipoanza, kama sheria ilivyoagiza tangu 1972. Waliosamehewa kungoja ni wachache: wenye figo zilizokufa, ambao wana njia yao, na wenye ule ugonjwa wa kupooza misuli unaoitwa ALS. Mgongo haumo.

Ana kalenda jikoni. Kila mwezi ukiisha anaukata kwa kalamu nyekundu. Amefika wa 14. Vidonge vyake vya presha anavigawa nusu kwa kisu cha mboga, na vile vipande vilivyovunjika vibaya ameviweka kwenye kifuniko cha chupa, anavianzia kwanza ili visipotee.

Hapa ndipo nilipoona mpaka wa jimbo unavyokata mwili wa mtu. Mwanamume huyuhuyu, kwa pensheni hiihii, angekuwa Hazard, Medicaid iliyopanuliwa ingemshika katika miezi hii ya kungoja, maana inapokea mtu mzima mmoja mwenye kipato cha hadi dola 1,800 hivi kwa mwezi. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani iliamua 2012 kwamba upanuzi huo ni hiari ya jimbo. Majimbo 40 yamekubali. Tennessee haimo, Mississippi tunakokwenda haimo. Angejaribu njia ya wasio na kitu kabisa, ile inayoitwa SSI, angekuta pensheni yake imezidi kiwango. Na hata ingekuwa ndogo, asingeruhusiwa kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu 1989.

Sikumuuliza swali la mabilioni. Dada alinitazama, nikafunga daftari.

Ijumaa, Mound Bayou

Memphis, halafu barabara ya 61 kusini. Milima imekwisha, ardhi ni bapa kabisa, pamba imefunguka pande zote mbili. Kama Hazard mtu anafichwa na mlima, hapa anaonekana maili tatu na bado yuko mbali vilevile.

Mound Bayou ulianzishwa 1887 na watu waliokuwa watumwa, Isaiah Montgomery na binamu yake Benjamin Green, ukawa mji wa Weusi unaojitawala. Mwaka 1942 chama cha kusaidiana cha Knights and Daughters of Tabor kilifungua hapa Hospitali ya Taborian. Wanachama walilipa ada ndogo, wakulima wa kukodi mashamba wakatibiwa na madaktari Weusi wakiingilia mlango wa mbele. Na 1967 kikaanza kituo cha afya ambacho kwa muda mrefu nilitaka kukiona, Delta Health Center, cha kwanza cha aina yake vijijini Marekani. Kiliasisiwa na daktari Jack Geiger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tufts.

Geiger hakubuni kutoka hewani. Akiwa mwanafunzi wa udaktari, mwaka 1957, alikwenda Pholela, Natal, Afrika Kusini, ambako Sidney na Emily Kark walikuwa wameanzisha kituo cha afya mwaka 1940. Pale Pholela watu wa kijiji wenyewe walifundishwa kwenda nyumba kwa nyumba, kuhesabu, kuuliza, kupanda bustani, kuchimba vyoo. Serikali ya ubaguzi iliuzima mpango ule. Mbegu ikaotea Mississippi. Nimesimama mbele ya kituo nikijisikia fahari, nami siombi radhi kwa hilo: yule mhudumu wa Hazard anayewaita mbwa kwa majina ana dada zake wakubwa Waafrika, waliofanya kazi ileile miaka zaidi ya themanini iliyopita.

Walipofungua hapa walikuta njaa. Madaktari wakaanza kuandika chakula kwenye karatasi za dawa, maduka yakawapa watu chakula, bili ikalipwa kutoka fungu la famasia. Wakubwa wa Washington walipohoji, jibu lilikuwa kwamba vitabu vyote vya udaktari vinasema tiba ya utapiamlo ni chakula. John Hatch akawaunganisha wakulima kwenye ushirika wa mashamba. Mhandisi wa usafi, Andrew James, akasimamia visima na vyoo. Mambo haya yalifanywa na kituo cha afya, kwa bajeti ya afya. Leo vituo vya aina hii nchini vinahudumia watu zaidi ya milioni 30, na kwa sheria kila anayekuja anatozwa kulingana na kipato.

Tulimpata mfanyakazi mmoja mstaafu wa kituo, mama mwenye umri wa bibi yangu. Nilimwamkia kwa kuinama, naye akanishika mkono akaniketisha. Akaniambia kwamba kwake yeye sehemu bora haikuwa madaktari. Ni lile basi dogo lililopita mashambani kuchukua watu. "Kabla ya basi, mwenye shamba ndiye aliyeamua kama leo utakwenda kwa daktari, kwa sababu lori lilikuwa lake."

Swali letu alilijibu kabla sijamaliza kulisoma: basi.

Jumamosi, Ruleville

Ruleville ni mwendo mfupi. Tumeanzia kwenye bustani alikozikwa Fannie Lou Hamer, mpigania haki ya Weusi ya kupiga kura. Alipata polio utotoni akachechemea maisha yake yote; alichuma pamba; 1961 alikwenda hospitali kuondolewa uvimbe, daktari akamtoa kizazi bila kumuuliza. Alifariki Machi 1977 katika hospitali ya Mound Bayou, ana miaka 59. Kwenye kaburi yapo maneno yake kuhusu kuchoshwa na kuugua na kuchoka. Watu wengi wanamkumbuka kwa kura. Leo nimemwona kama mwanamke mlemavu, maskini, wa kijijini, aliyejua hospitali zinaweza kumfanyia nini mtu kama yeye. Wapo wazee wa hapa ambao mpaka sasa hawapendi kulazwa, na wana sababu.

Mji huuhuu mwaka 2014 ulianza kujaribu huduma ya kisukari kwa njia ya mbali pamoja na hospitali kuu ya Chuo Kikuu cha Mississippi iliyoko Jackson, ile ya Mississippi: mgonjwa anapewa kompyuta kibao, anapima sukari nyumbani, muuguzi anaona namba na kupiga simu siku hiyohiyo. Kazi nzuri, naiamini, mahali mtandao unaposhika. Tangu Uviko Medicare inalipia hata daktari anayezungumza na mgonjwa kwa simu ya kawaida bila picha, na kwa mzee asiye na intaneti hilo ni jambo kubwa. Lakini ruhusa hiyo ni ya muda, imesogezwa mara kadhaa, na tarehe iliyowekwa safari hii ni mwisho wa mwezi huu wa Septemba 2025. Mtu anawezaje kumpangia mgonjwa wa moyo miadi ya Novemba kwa namna hiyo?

Na damu haisafishwi kwa simu. Mchana tumekaa nje ya kituo cha kusafishia damu na dereva wa gari dogo linalolipwa na Medicaid. Wagonjwa wake wa zamu hii ni Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, kila mara wanakaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne. Anaanza kuwakusanya kabla ya alfajiri. Kuwaleta ni rahisi kwa sababu muda unajulikana. Kurudi ndiko kuna kazi: mmoja presha inashuka mwishoni, mwingine damu haikatiki haraka kwenye mkono, kwa hiyo wanaoshuka mapema wanakaa kwenye kiti cha chuma wakiwa wamelegea, wanawasubiri wenzao. Akiondoka na mmoja wa kaunti ya pili, wanaobaki wanasubiri saa mbili. Kuna mama aliacha kuja Jumamosi kwa ajili ya kuchoka kusubiri tu. Alilazwa Jumatatu yake, maji yakiwa yamejaa kwenye mapafu.

Dada alimuuliza yeye angeanza na nini. Dereva alivua kofia, akahesabu kwenye vidole. Gari la pili. Lenye lifti ya kiti cha magurudumu, maana la sasa halina, na mgonjwa wake mmoja humbeba mgongoni. Na dereva wa pili anayelipwa hata muda wa kusubiri, kwa kuwa yeye analipwa maili akiwa na abiria, na anapokuja kumchukua mtu gari likiwa tupu maili zile ni zake mwenyewe. "Andika hilo la maili," akamwambia dada. "Watu wa ofisini hawalijui."

Dada ameliandika, na jina la ofisi ya jimbo inayopokea maoni. Mlango wa kituo ukafunguka, akatoka mama mmoja na kitambaa kimefungwa kwenye mkono. Dereva akavaa kofia, akaenda kumshika.